Paka alipomwita panya

Naamini jamaa yako imeamka salama, chai imeshatengwa mezani, na gazeti hili linagombaniwa kama ilivyo desturi ya Jumapili: baba anataka kurasa za michezo, mama anauliza iliko sehemu ya mapishi, nao watoto wamekwisha kunyakua vibonzo. Leo nawaomba mmpe mmoja wenu gazeti asome kwa sauti, wengine mtege sikio. Nina hadithi. Si ya sungura na fisi, hao tumewazoea. Hii inatoka Ukraine, nchi ya mashariki mwa Ulaya ambayo kwa ukubwa wa ardhi inaizidi Kenya kidogo tu. Ngano ya huko tumeila miaka mingi katika mikate na chapati zetu. Sasa tuonje ngano yao ya aina ya pili, ile ya kusimuliwa.

Tahadhari moja kabla hatujaanza. Kwa Kiukraine, neno "baba" maana yake ni nyanya. Ndiyo, nyanya, yaani mama mzaa mama au mama mzaa baba (si ile ya kachumbari!). Babu naye huitwa "did". Kwa hivyo siku utakapomsikia mtoto wa Kiukraine akisema kwamba baba amejifunga leso kichwani na yuko jikoni anapika supu ya bitiruti, usishangae.

Haya basi. Paukwa! Pakawa!

Hapo kale paliishi mzee mmoja na mkewe, pamoja na mjukuu wao wa kike. Nyumbani mwao mlikuwa na mbwa, na paka, na bila shaka panya, kwa maana hakuna nyumba ya mkulima isiyo na panya. Siku moja babu alichukua mbegu ya tanipu akaipanda shambani. Akaipalilia, akainyunyizia maji, akawa anakwenda kuitazama kila asubuhi. Tanipu lilikua. Likakua hata babu mwenyewe akaanza kutikisa kichwa. Majira ya kuvuna yalipowadia, mzee akainama, akakamata majani kwa mikono miwili, akavuta. Akavuta tena. Wapi! Tanipu lilikaa ardhini kama jiwe la msingi.

Babu akamwita nyanya. Nyanya akaja, akamshika babu, babu akashika tanipu. Wakavuta hadi jasho likawatoka, lakini halikutikisika. Nyanya akamwita mjukuu. Mjukuu akaja mbio, akamshika nyanya, nyanya akamshika babu, babu akashika tanipu. Hola! Mjukuu akamwita mbwa. Mbwa akamng'ata mjukuu pindo la gauni, mlolongo ukazidi kurefuka, na tanipu likazidi kukaidi. Mbwa akamwita paka. Paka akaja, akamkamata mbwa mkia. Bado. Hapo paka akafanya jambo ambalo nitawaomba mlikumbuke: akamwita panya.

Panya akatoka shimoni, akamshika paka. Paka akamshika mbwa, mbwa mjukuu, mjukuu nyanya, nyanya babu, naye babu akashika tanipu. Wakavuta kwa pamoja, na tanipu likang'oka! Kuna wasimulizi wanaosema kwamba wote walianguka chali, wakalaliana kama magunia, huku tanipu likiwa juu yao.

Hadithi imekwisha. Ni fupi kiasi kwamba mtoto wa chekechea anaweza kuishika kichwani baada ya kuisikia mara mbili, na ndivyo ilivyotengenezwa. Kila anapoongezeka mmoja, orodha nzima inarudiwa tangu mwanzo, na mtoto anajifunza kupanga maneno bila ya kujua kwamba anafundishwa. Wataalamu wa hadithi za jadi wameipa nambari 2044 katika orodha yao ya kimataifa, kwa kuwa husimuliwa kwa namna mbalimbali katika nchi kadhaa. Warusi wana yao. Ile iliyochapishwa na Aleksandr Afanasyev katika karne ya 19 haimalizikii kwa paka na panya bali kwa miguu. Naam, miguu mitupu inayofika mmoja baada ya mwingine kuja kusaidia, na usiniulize ni ya nani. Huko Ukraine, mwandishi mashuhuri Ivan Franko, aliyeishi tangu 1856 hadi 1916, aliitungia watoto kwa mashairi. Franko aliwapa wahusika wote majina yao, hata panya akapata lake, na yule msichana akamfanya kuwa binti wa wazee badala ya mjukuu.

Pengine unajiuliza, tanipu ni kitu gani hicho hata watu na wanyama wakitoane jasho? Ni mzizi wa mviringo, mweupe au wa manjano, wa ukoo mmoja na kabichi na sukumawiki yako. Hapa kwetu si wengi wanaoupika. Lakini kwa wakulima wa mashariki mwa Ulaya, kabla viazi vilivyotoka Amerika ya Kusini havijaenea kwao katika karne za 18 na 19, mzizi huu ulikuwa chakula cha kutegemewa. Ukichemshwa unalika, ukiokwa unalika, na hata mbichi unatafunwa.

Zaidi ya hayo, unahifadhika. Ukraine imejaliwa udongo mweusi wenye rutuba ambao sifa zake zimeenea duniani, lakini udongo huo haulimiki mwaka mzima kama wa Kirinyaga au Kisii. Wakati wa kipupwe halijoto hushuka chini ya sifuri, theluji hufunika mashamba, ardhi ikaganda na kuwa ngumu kama saruji. Hakuna cha kupanda wala cha kuchuma. Familia hula kilichowekwa katika chumba kilichochimbwa chini ya ardhi: kabichi, vitunguu, bitiruti, tanipu. Sasa mtazame tena babu yule akiwa ameinama shambani. Msimu wa mavuno ni mfupi na baridi iko njiani. Hawezi kusema, "Basi, nitajaribu tena mwezi ujao." Chakula anakiona kwa macho, kiko chini ya mikono yake, naye hawezi kukitoa. Na nchi hiyo inaijua njaa. Mwaka wa 1932 na 1933 mamilioni ya Waukraine walikufa kwa njaa baada ya serikali ya Stalin kuwanyang'anya wakulima nafaka yao. Hadithi ya tanipu ilikuwapo zamani kabla ya hapo, lakini sidhani mzee aliyeiponea njaa ile angewasimulia wajukuu wake kwa kucheka tu.

Walimu na wazazi wengi wakifika mwisho wa hadithi hii humsifu panya. "Mnaona, watoto? Hata mdogo ana nguvu zake!" Si vibaya. Kidole kimoja hakivunji chawa, nasi tumelelewa na methali hiyo. Lakini kwa maoni yangu panya anasifiwa kupita kiasi. Angekuja peke yake asubuhi ile, angetafuna majani akaenda zake. Tanipu halikung'olewa na panya. Lilikuwa limekwisha kulegezwa na wale watano waliokuwa mbele yake, kidogo kidogo, pasipo mtu kuona.

Mimi ninalolitazama zaidi ni ule mwito. Hebu hesabu. Babu alimwita nyanya, nyanya akamwita mjukuu, mjukuu akamwita mbwa, mbwa akamwita paka, paka akamwita panya. Miito mitano. Je, babu mwenye shamba aliita wangapi? Mmoja tu! Hakupanda kichuguu akapiga mbiu kuwaita wote. Alimwita yule aliyekuwa karibu naye kabisa, na yule akamwita wa kwake.

Tena fikiria: babu angewezaje kumwita panya? Babu ndiye anayemtegea panya mtego! Akimwona ghalani anarusha kiatu. Asingemkumbuka kamwe, na hata angemkumbuka, asingejua mlango wake uko wapi. Aliyejua shimo la panya lilipo ni paka peke yake, kwa sababu kila usiku hukaa hapo akimvizia. Kumbe katika nyumba moja, msaada unaweza kuwa kwa mtu ambaye mkuu wa nyumba hamjui, au anamjua kwa ubaya, na njia ya kumfikia inapita kwa watu wanne au watano wa chini yake.

Hapa, msomaji wangu, ndipo hadithi hii inapotoka shambani na kuingia katika vyumba vyetu vya kupanga. Wapo akina baba katika mji huu ambao kazi iliwatoka miezi mitatu iliyopita na jamaa zao hawana habari. Kila asubuhi mtu anavaa suruali iliyopigwa pasi, anaaga, anakwenda kukaa kwenye bustani ya mjini kusoma gazeti lililosahauliwa na mwingine, kisha jioni anarudi na uchovu wa kuigiza. Anavuta tanipu lake peke yake. Anaona kumwambia mkewe ni aibu. Siku anayotanabahi, mwenye nyumba amekwisha kutia kufuli lake mlangoni na watoto wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Na kumbe mke ana dada anayejua mahali wanapotafuta karani. Kumbe kijana wa sekondari ana mwalimu ambaye angemsikiliza, karo ikalipwa kidogo kidogo. Kumbe hata yule kitinda mimba anacheza kila siku na mtoto wa jirani ambaye ana lori. Baba hawajui wote hao. Hakutakiwa kuwajua. Alitakiwa kumwita mmoja.

Sisemi jambo hilo ni rahisi. Tazameni aliyeitwa mwisho. Panya anaambiwa atoke shimoni, mchana kweupe, amshike paka. Yule yule! Mbele ya paka kuna mbwa, na mbele ya mbwa kuna watu wenye viatu. Panya angekataa, ni nani angemlaumu? Na paka naye, ameyatamka vipi maneno yale baada ya mambo yote aliyowatendea jamaa za panya? Hadithi haituambii. Inasema tu kwamba paka aliita na panya akaja. Lakini ninyi mnaoishi katika familia zenye ndugu wasiosemezana tangu mazishi fulani, au tangu shamba fulani lilipogawanywa, mnajua kwamba kati ya "akaita" na "akaja" pana kazi kubwa kuliko ya kuvuta tanipu.

Kuna jingine. Kila aliyeita alibaki pale pale. Babu hakusema, "Nyanya amekuja, wacha nikapumzike kivulini." Alibaki mbele kabisa, mikono kwenye majani, mpaka mwisho. Nasi tunafanyaje? "Wee, njoo uoshe vyombo!" Mtoto akishaingia jikoni, mzazi huyo amerudi kwenye kochi kutazama runinga. Huko si kuita, huko ni kutuma. Watoto wetu wa mjini wanatumwa kutwa kucha: dukani, kwa jirani, kuleta simu, kuzima taa. Ni mara ngapi wanaitwa? Ni mara ngapi mzazi anasema, "Njoo unishike hapa, limenishinda"? Mtoto anayetumwa hujifunza upesi kujificha. Anayeitwa, na akamkuta baba yake mwenye nguvu zake anatokwa na jasho, anakimbia kuja kushika. Lijaribuni.

Nanyi vijana mliotabasamu mliposoma hayo, mkidhani leo nimewapania wazazi peke yao, Waukraine wana hadithi yenu pia. Inaitwa "Kolosok", yaani suke la ngano. Jogoo mmoja aliishi na panya wawili, Krut na Vert. Jogoo huamka alfajiri akawika, akafanya kazi. Krut na Vert kazi yao ni kuimba na kucheza ngoma. Siku moja jogoo anafagia ua, akaokota suke la ngano. Panya wakashauri lipurwe. Nani atapura? "Si mimi!" akasema mmoja. "Si mimi!" akasema wa pili. Jogoo akapura. Nani atapeleka kinuni kusaga? Si mimi, si mimi. Jogoo akajitwika mfuko. Kukanda unga, kuleta kuni, kuwasha tanuri, yote hayo akafanya jogoo, wao wakicheza. Maandazi yalipoiva yakanukia, Krut na Vert hawakuhitaji mwito wa pili. Walikuwa wa kwanza mezani. Jogoo akaanza kuuliza taratibu: ni nani aliyeokota suke? "Wewe," wakajibu kwa sauti kubwa. Ni nani aliyepura? "Wewe," kwa sauti ya chini kidogo. Aliyebeba kwenda kusaga je? Aliyekanda? Aliyeleta kuni? Kila swali sauti zao zilizidi kufifia, mpaka zikazimika kabisa. Wakashuka mezani kimya kimya. Jogoo hakuwazuia.

Napenda jinsi jogoo yule hakutumia kiboko wala matusi. Aliuliza tu. Mama mmoja msomaji wa ukurasa huu akitaka kuijaribu mbinu hiyo na kijana wake wa chuo anayelala hadi saa sita mchana siku za likizo, kisha akauliza chakula kiko wapi, ruhusa anayo. Ila na awe tayari kuuliza maswali yote hadi mwisho bila ya kucheka.

Turudi kwa tanipu letu, maana kuna jambo ambalo sikuliona mimi. Nilipoisimulia hadithi hiyo nyumbani, binti yangu wa miaka sita alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza, kisha akauliza: "Na mama yake huyo msichana yuko wapi? Na baba yake?" Nikafungua kinywa nikakosa jibu. Ni kweli! Babu yupo, nyanya yupo, mjukuu yupo. Kizazi cha katikati, ambacho ndicho chenye misuli, hakipo. Hao wangekuwapo tanipu lingeng'oka mapema na panya angelala usingizi wake.

Hadithi haisemi walikokwenda, na huenda msimulizi wa kwanza hakulifikiria suala hilo hata kidogo. Lakini familia nyingi za Ukraine zingeweza kumjibu binti yangu. Baada ya nchi hiyo kupata uhuru wake mwaka 1991 uchumi uliporomoka, na katika miaka iliyofuata watu wengi walikwenda kutafuta riziki Poland, Italia na kwingineko. Akina mama wengi waliishia Italia wakiwatunza wazee wa watu, huku watoto wao wenyewe wakilelewa na nyanya zao vijijini. (Wenye jamaa walioko Ghuba hawahitaji kuelezwa hilo.) Kisha ikaja Februari 24, 2022, majeshi ya Urusi yalipoivamia nchi nzima. Katika muda wa miezi miwili zaidi ya watu milioni 5 walikuwa wamevuka mipaka, wengi wao wanawake na watoto. Sheria ya vita ilikuwa imewazuia wanaume wa umri wa miaka 18 hadi 60 kuondoka nchini, isipokuwa wachache. Baba akabaki, mama na watoto wakapanda treni, na mara nyingi babu na nyanya wakakataa kuyaacha mashamba yao. Mlolongo ule wa kushikana viuno ukakatika katikati.

Nikamjibu binti yangu kwamba hawakuwapo siku hiyo, ndiyo maana waliitwa waliokuwapo. Hakuridhika sana. Alitaka kujua kama walibakiziwa tanipu. Nikamwambia lilikuwa kubwa mno, lazima lilibaki.

Waliopo ndio huitwa. Hilo Waukraine wamelifanyia desturi kamili yenye jina lake, toloka. Zamani, mtu akitaka kujenga nyumba ya udongo, au mavuno yakimzidi nguvu, aliwaita majirani. Wakaja. Waliukanyaga udongo na nyasi kavu kwa miguu mitupu mpaka ukashikana, wakakandika kuta, na hawakulipwa hata senti. Malipo yao yalikuwa chakula alichoandaa mwenye nyumba, na hakikisho kwamba wao nao wakiita, ataitika. Wakamba wetu wanaiita mwethya, Wagikuyu ngwatio, kwa hivyo hapo hatuna la kufundishwa na Waukraine isipokuwa moja: wao wameihamisha toloka kutoka kwa wazee na kuitia mikononi mwa vijana wa mjini.

Kiko kijiji kiitwacho Yahidne katika mkoa wa Chernihiv, kaskazini mwa nchi. Machi 2022 wanajeshi wa Urusi waliwafungia wakazi wake zaidi ya 300, wazee na watoto wachanga wakiwemo, katika chumba cha chini ya shule kwa takriban mwezi mzima, na baadhi yao walifia humo. Majeshi yalipoondoka, kijiji kilikuwa magofu. Miezi michache baadaye vijana walifika wakiwa na sepetu na glavu, pamoja na DJ na mitambo yake ya muziki. Ukumbi wa kijiji uliokuwa umelipuliwa ukawa uwanja wa kazi: muziki wa dansi ukirindima, vijana wakicheza huku wakipakia vifusi na kuvitoa nje. Wenyewe waliiita toloka. Sijui wazee wa Yahidne waliuonaje muziki wenyewe, lakini vifusi viliondoka.

Wanafunzi wa vyuo mnaosoma hapa, mnaotuambia kila siku kwamba mila zimepitwa na wakati, mna la kujibu?

Sasa basi, mkishamaliza kula mchana wa leo, ondoeni meza ya sebuleni muicheze hadithi hii, maana huko Ukraine watoto wa chekechea huiigiza mara kwa mara. Mtu mzito kuliko wote awe tanipu. Akae sakafuni na kushikilia mguu wa kochi. Mtu mzima mwingine awe babu, na asilegeze mikono hata mgongo ukilalamika. Kila mmoja amshike wa mbele yake kiunoni, si shingoni. Asiitwe mtu na babu isipokuwa wa kwanza. Wengine waitane wenyewe. Nafasi ya panya mpeni mdogo kabisa, na msimharakishe. Kama kuna wawili nyumbani humo ambao hawajaongea tangu juzi, mnajua wenyewe ni nani atakuwa paka.

Juma lijalo, Mola akipenda, nitawaletea hadithi nyingine kutoka huko huko: babu mwingine aliyedondosha glavu yake thelujini, wakaingia humo wanyama 7, kuanzia panya hadi dubu, na kila mmoja alipiga hodi kwanza. Jumapili njema.